Feni Barabarani, Msumeno Mtoni

Feni barabarani, msumeno mtoni. Leo mmemsikia Bi Somoe akimwambia hivyo mjukuu wake, aliyemwacha mgeni akalie kiti kibovu kwa kuona haya kumsemesha. Nanyi mkakimbilia kuniuliza mimi, kana kwamba nilizaliwa na spana mkononi. Haya, neno hilo lilizaliwa hivi.

Kabla mto wetu haujajengewa daraja, magari yaliuvuka kwa kupita ndani ya maji. Malori ya dizeli ya siku zile yalikuwa na feni nyuma ya rejeta, ikizungushwa kwa mkanda na injini yenyewe. Haikuwa na swichi. Injini ikizunguka, nayo inazunguka, ikivuta upepo kupitia rejeta ili maji ya ndani yasichemke. Kwa hiyo kila dereva alisimama ukingoni, akavua shati, akainamia injini na kulegeza ule mkanda, feni isije ikayapiga maji. Feni ikapumzika hadi ng'ambo.

Siku moja dereva Chipojola alikuwa akienda kuoa. Nikaha ilikuwa ng'ambo, baada ya sala ya adhuhuri. Kando yake aliketi mama mkwe wake, Bi Atuweni, akitoka mjini na mchele wa karamu. Chipojola alivaa kanzu nyeupe, nguo yake ya kwanza isiyo na doa la grisi.

Walipofika ukingoni, hakusimama.

"Baba, wenzako hapa huvua mashati wakafungua boneti," Bi Atuweni alisema.

"Ni kweli, mama. Lakini nitavuaje mbele ya mkwe?"

"Mimi nitatazama miti."

"Siwezi kukukosea adabu, mama."

Akaingia mtoni. Feni ikayapiga maji kama ilivyozoea kuupiga upepo, lakini maji ni mazito. Mabapa yake yakapinda kwenda mbele, yakaikata rejeta duara safi kama mfuniko wa sufuria. Maji ya rejeta yakamwagika yote. Chipojola akazima injini kabla haijaungua, na lori likabaki katikati ya mto.

Ng'ambo, watu wa harusi walisimama kutazama. Adhana ikasikika. Mto ulikuwa unajaa, na Bi Atuweni hakujua kuogelea. Bwana arusi akavua kanzu, akabaki na bukta, akampa mkwe wake mgongo. Aliyeona haya kuvua shati mbele ya mtu mmoja akavuka na bukta mbele ya ukoo mzima, mama mkwe akiwa juu yake.

"Mama, ukiona sifai, sema tu," alisema, maji yakiwa kiunoni.

"Tembea kwanza. Ukiniangusha ndipo nitasema."

Akatembea. Kufika kwenye kina kidogo, mama akamwinamia sikioni. "Adabu yako ni nzuri, baba. Nyumbani inatupepea. Hapa imekata rejeta."

Mjomba wa bibi arusi aliwapokea ukingoni, akamtazama Chipojola kuanzia juu hadi chini. "Dada, huyu ndiye tumpe mtoto?"

Bi Atuweni alikamua kanga yake taratibu. "Mpeni. Hajaniangusha. Na lililobaki amekwisha kujifunza: feni barabarani, msumeno mtoni."

Nikaha ilifungwa bwana arusi akiwa na shuka ya kuazima, kanzu yake ikiwa imening'inia kwenye usukani katikati ya mto. Ndani ya nyumba, bibi arusi alikuwa akisubiri na hina mikononi. Alikuwa Bi Somoe. Ndiyo maana leo, alipomwona mgeni sakafuni na mjukuu amesimama kando kwa adabu zake zote, hakuhitaji maneno mengi.

Feni barabarani, msumeno mtoni.