Wageni wa Baraza la Msikiti

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Wasiti aliishi tajiri mchamungu, Naufali bin Hilali, aliyewalisha mafukara wasio na makazi waliolala barazani mwa msikiti. Kila mwaka watu wale walizidi, naye kila mwaka akiongeza sufuria na kumhimidi Mola kwa kumfungulia milango ya thawabu. Subhanallah! Hakujiuliza hata siku moja wanatoka wapi.

Asubuhi moja ya baridi kali, baada ya Sala ya Alfajiri, alimpa uji mjane aitwaye Khaula, aliyempakata mtoto mwenye homa. Mjane akamnywesha mtoto, yeye mwenyewe asionje.

"Kunywa, mama," Naufali akamsihi.

"Haunipiti kooni, bwana. Unaijua nyumba ya wageni uliyowawekea mahujaji wakfu?"

"Vipi nisiijue? Alhamdulillahi."

"Jiko lake limejengwa palipokuwa chumba changu. Mwaka hadi mwaka wakili wako amekuwa akinunua mtaa wetu, nyumba baada ya nyumba, akatutoa wapangaji wote. Hawa unaowaona hapa ni majirani zangu."

Naufali alipigwa na butwaa. Akawatazama: msuka mikeka, mchota maji, kikongwe kipofu. Miaka yote akiwaombea dua, kumbe yeye ndiye aliyewafukarisha!

Wakili wake, aliyekuwa karibu, akamnong'oneza, "Nyamaza, bwana wangu. Wakfu haurudishwi, na watu wanakusifu. Kwa nini ujivunjie heshima?"

Naufali hakumsikiliza. Aliwageukia waumini waliokuwa wakitoka, machozi yakimtiririka.

"Enyi Waislamu, shuhudieni! Kwa mkono huu nimewalisha watu hawa, na kwa mkono huu nimewatoa majumbani mwao. Wakfu ni wa Mwenyezi Mungu, siwezi kuugusa. Lakini nyumba ninayolala ni yangu."

Siku ile ile aliwafungulia jumba lake. Mtoto wa Khaula alilazwa kwenye kitanda cha Naufali, naye na mkewe wakahamia ghalani, wakaishi humo mpaka alipokwisha kuwajengea mafukara wale mtaa mwingine.

Wallahi, kila nikikikumbuka kisa hiki mwili hunisisimka. Ndugu zangu, sadaka ni njema, wala msiiache. Lakini unapompa mkate mtu anayelala nje, muulize pia ni nani aliyemtoa kwake. Na tumwombe Mwenyezi Mungu mtu huyo asije akatutaja sisi.