Bi Pimbi na Picha ya Makaburini

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wameshajifunza kutumia simu, Mzee Kiboko na Bi Tembo walitafuta mlezi wa chekechea yao. Bi Pimbi akaomba kazi hiyo. Alikuwa mjane, na wanawe watatu walikuwa wamelala njaa siku mbili.

Kwanza wakamsaili, akajibu vema. Kisha akawaimbia watoto, wakasinzia wote. Mwisho, Mzee Kiboko akafungua ukurasa wa Bi Pimbi mtandaoni.

"Kha! Bi Tembo, hebu njoo uone! Anacheza makaburini, kavaa kanzu ya marehemu, imeandikwa hapa, meno yote nje!"

"Ala! Hana utu huyu! Ndiye tumkabidhi watoto?"

"Nenda zako, bibi," Mzee Kiboko akamwambia Bi Pimbi.

Bi Pimbi akawakumbuka wanawe, akajikaza.

"Nimewaelewa, wakubwa zangu. Ila yupo mwombaji mwingine. Picha yake hii hapa."

Akawaonyesha simu yake, uso wa kwenye picha ameufunika kwa jani. Wakainama. Jitu zima limegaagaa matopeni mchana kweupe!

"Nguruwe huyu?" Bi Tembo akauliza.

"Mlevi huyo!" akanguruma Mzee Kiboko. "Hafai hata kulinda mawe! Toa jani tumjue."

Bi Pimbi akalipuliza jani. Fyuu!

Alikuwa Mzee Kiboko mwenyewe.

"Sikuwa nimelewa," akasema. "Siku hiyo nilimzika mama."

"Najua, baba. Pole sana. Mpwa wako aliibandika picha hii mtandaoni bila kueleza. Nami pale makaburini sikumdhihaki mtu. Nyani ni watani wetu, na msibani mtani huvaa nguo za marehemu ili awachekeshe wafiwa. Mjane wa Nyani alikuwa hajala siku tatu. Nilipocheza, alicheka, na alipokwisha kucheka akaomba chakula."

Bi Tembo akanyoosha mkonga, akamfuta mwenzake machozi.

"Mimi hakuna aliyenichekesha," Mzee Kiboko akanong'ona. Kisha akakohoa. "Anza kazi leo, mama. Na wanao walete, uji uko jikoni."

Basi, watoto wangu, kabla hamjamhukumu mtu kwa picha yake, muulizeni siku ile ilikuwa siku gani kwake.