Inua Tu Nyundo

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja mponda kokoto. Kazi yake mnaijua: jiwe linabanwa ndani ya pete ya mpira wa tairi, mkono mmoja unashika mpira, mwingine unapiga nyundo. Bila mpira huo unaponda vidole vyako mwenyewe.

Siku hiyo lori lilikuwa linakuja saa sita. Rundo likiwa limejaa, linachukuliwa. Likipungua, lori linasogea kwa jirani na mama anarudi nyumbani mikono mitupu.

Saa tatu akatokea mchoraji, kijana mstaarabu. Alitaka kuchora kazi kama ilivyo, bila kuipamba.

"Shikamoo mama. Naomba utoe huo mpira, unaficha vidole."

"Marahaba. Nikiutoa sipigi, mwanangu."

"Si lazima upige. Inua tu nyundo, utulie."

Kijana alikuwa mgeni na ameamkia vizuri. Mama akaona haya kumfukuza. Akainua. Bega likaanza kuwaka. Kila aliposhusha mkono, aliambiwa, "Bado kidogo, mama."

"Hiyo kidogo yako ina mkia? Mimi nasubiri lori."

"Namalizia kiwiko."

Kiwiko gani cha kuchorwa asubuhi nzima?

Lori likafika. Akashuka mzee wa kanisa, maana kokoto zile zilikuwa za kujengea kanisa. Akasimama nyuma ya mchoraji, akavua kofia, macho yakamlowa.

"Hii ndiyo kazi," akasema. "Tazama mshipa huo. Picha hii tutaitundika kanisani, watu wajifunze bidii."

Kisha akageukia rundo.

"Mama, mbona hivi? Leo ulikaa tu?"

Kabla mama hajajibu, mzee alishapanda, na lori lilishasogea kwa jirani.

Naona mnamcheka mzee. Msimcheke. Alilia kweli yule. Alikuwa hatua tatu kutoka kwa mama, na machozi yote yakaishia kwenye picha. Na sisi je? Si tunatikisa vichwa hapa nikihubiri habari za wanyonge, kisha tunatoka na kuwapita mlangoni bila hata salamu? Nimelisema hili mwaka wa ngapi sasa?

Leo sitaki amina. Aliyefagia kanisa hili alfajiri amekaa benchi la mwisho. Nani kati yetu analijua jina lake?