Kilomita za Nives

Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga. Maana yake, kitu kikimegwa kidogo kidogo bila kupumzishwa, hata kiwe kinene namna gani, mwishowe mwenyewe hubaki na vumbi la mbao na mikono kichwani. Mtu akija na shoka utamwona kwa mbali, utapiga kelele. Anayebandua kibanzi kimoja humwoni, na pengine ni wewe uliyemfungulia mlango.

Gogo la Nives halikuwa la mti. Lilikuwa la kilomita.

Nives alikuwa mwanamke wa makamo aliyeuza jibini na soseji kavu sokoni Milano, kila Jumanne na Jumamosi, ndani ya gari alilorithi kutoka kwa baba yake. Lilikuwa gari la dizeli, kuukuu, lenye ubavu uliofunguka ukawa kibanda, na jokofu lililokoroma kama mzee mwenye mafua. Gari ndilo lililokuwa duka. Bila gari hapakuwa na meza wala ubaridi, na jibini bila ubaridi ni harufu tu. Yeye mwenyewe aliishi kijijini, nje ya jiji, mahali ambapo ukungu wa Novemba hukaa mashambani kama mgeni asiyejua kuaga.

Jiji lilipoyafungia milango magari ya dizeli ya zamani kwa sababu ya moshi, Nives hakulalamika sana. Moshi wa gari lake alikuwa akiuvuta yeye wa kwanza, na kikohozi chake cha alfajiri alikifahamu. Ila uwezo wa kununua gari jingine ulikuwa bado. Kwa watu kama yeye jimbo liliacha upenyo mdogo: gari likifungwa kisanduku cheusi cha kuhesabia mwendo, mwenye gari alipewa kilomita za mwaka mzima za kutembea ndani ya jiji. Akizimaliza, basi, gari halikanyagi tena jijini mpaka mwaka wake uzunguke. Kamera za barabarani zililala Jumapili, lakini kisanduku hakikulala.

Nives alizipanga kilomita zake kama mama anavyopanga unga wa mwezi. Kuingia, kufika sokoni, kutoka. Kwa mwendo huo zingetosha na kubaki. Mwaka wa kisanduku ulianza Februari, na nia yake ilikuwa moja tu, kufika Krismasi. Wiki za Desemba ndizo zilizolisha miezi mingine yote. Mzee Gandolfi, mwenye gereji katika mji wa jirani, alikuwa amemwekea gari la petroli lililotumika kidogo, halali kuingia popote. Alimwambia atamsubiri mpaka Krismasi, si zaidi.

Tatizo la Nives lilikuwa kwamba hakujua kukataa jambo dogo. Jambo kubwa angeweza kulikabili, akakunja uso, akasema hapana. Jambo dogo lilimpita katikati ya vidole.

Wa kwanza alikuwa Signora Pinuccia, mjane wa ghorofa ya nne, mteja tangu enzi za baba. Mwezi wa Machi goti lilimsumbua, akaomba afikishiwe kabichi na viazi nyumbani.

"Si uko hapa hapa na gari, mwanangu? Ni pua na mdomo."

Nives akampeleka. Jumamosi iliyofuata alikuta kikapu kimeshaegemezwa kwenye gurudumu kabla hajafunga kibanda, na Signora mwenyewe ameshajikalisha kiti cha mbele, anafuta vumbi la dashibodi kwa leso. Njiani alimsimulia habari za goti, kisha za marehemu mumewe, kisha akarudi kwenye goti. Tangu siku hiyo ikawa desturi.

Akafuata Carmelo, muuza machungwa wa kibanda cha jirani, Msisilia mwenye ulimi wa asali. Gari lake liligoma kila mvua iliponyesha, na Milano mvua haina haya. Alimwomba Nives ampitishie makreti yake kutoka soko la jumla, mara hii tu. Alimwita malkia wa maziwa na kumwapia kwa watakatifu ambao Nives hakuwahi kusikia majina yao. Alipokumbushwa habari za kisanduku, alicheka. Alisema kisanduku hicho ni kama mama mkwe: kinaona yote, kinanung'unika, lakini hakijawahi kumwua mtu.

Wala Nives mwenyewe hakuwa na mikono safi. Siku ambazo alikuwa hoi bin taabani, miguu imevimba kwa kusimama tangu giza la asubuhi, hakuwa na nguvu za kuzungukia barabara ya nje yenye foleni ya malori. Alikata katikati ya jiji ili akione kitanda mapema kidogo. Ni leo tu, alijiambia, na wiki mbili baadaye akajiambia vilevile. Simu yake ilimwonyesha kilomita zilizobaki. Kuanzia Agosti akaacha kuitazama, kama mtu anavyoikwepa mizani baada ya sikukuu.

Mwezi wa Oktoba alikuja Ezio, mdogo wake wa pekee, mpishi katika kantini ya kiwanda. Alisimama pembeni ya kibanda mpaka wateja wakaisha, mikono mifukoni. Mkewe alikuwa ameondoka, na nyumba ya kupanga huko Quarto Oggiaro, kaskazini, ilitakiwa irudishwe kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Alikuwa amepata chumba Rogoredo, upande wa pili kabisa wa jiji. Aliomba gari kwa siku moja, Jumapili, ahamishe vitu vyake na kabati la marehemu mama yao.

Nives alitoa simu akaitazama. Kilomita zilizobaki zingemfikisha Krismasi kama angekwenda na kurudi tu, bila kupinda kona yoyote. Kulivuka jiji lote na mizigo, kwenda na kurudi, hilo lilikuwa shoka, na aliliona waziwazi likiinuka.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Ezio, gari limebaki na pumzi kidogo. Nikizimaliza sasa, Krismasi imekwenda, na gari la Gandolfi limekwenda."

Ezio alitazama kikapu cha Signora Pinuccia, kilichokuwa kimeegemea gurudumu kikisubiri safari yake.

"Yule unambebea kabichi," alisema polepole. "Mimi uliyenifuta makamasi, unanipimia kilomita."

"Yule ni hapa hapa tu."

"Sawa, dada. Ngoja nami nihamie hapa hapa."

Hakupandisha sauti. Aliinua kola ya koti lake akaondoka kati ya vibanda, na Nives akabaki ameshika kisu cha jibini, hana cha kukata. Alijikaza kisabuni. Alijiambia kwamba amelilinda gogo lake, kwamba mdogo wake ni mtu mzima, kwamba hasira huja ikapita. Kisha akafunga kibanda na kumpeleka Signora Pinuccia nyumbani, kwa kuwa kikapu kilikuwa pale.

Habari alizipata baadaye kutoka kwa shangazi yao. Ezio alihama kwa tramu na treni ya chini ya ardhi, jioni baada ya jioni, akitoka jikoni, mifuko begani. Kabati la mama halikuingia kwenye tramu. Alilishusha ngazi kwa msaada wa jirani, akaliacha kando ya barabara na karatasi iliyosema anayetaka achukue. Shangazi alilisimulia hilo bila lawama, na ndiyo maana liliuma zaidi. Nives alimpigia simu Ezio mara kadhaa. Haikupokewa.

Novemba ikaja na mvua zake. Gari la Carmelo likafa kabisa, na machungwa ndiyo kwanza yameingia msimu. Nives alimwambia safari hii ndiyo ya mwisho, akamwambia tena wiki iliyofuata. Mtaa mmoja ulichimbwa kwa ajili ya mabomba, magari yakazungushwa mbali. Goti la Signora likazidi kwa baridi. Kila jambo lilikuwa dogo, na kila jambo lilikuja na sababu yake nzuri mkononi, kama mtoto aliyetumwa na mama yake.

Jumanne ya kuamkia sikukuu ya Sant'Ambrogio, mtakatifu wa jiji, mwanzoni mwa Desemba, Nives alikuwa kwenye taa nyekundu akielekea nyumbani. Simu ikalia. Aliisoma, taa ikawaka kijani, na gari la nyuma likapiga honi. Kilomita zimekwisha. Mpaka wa jiji aliuona mbele yake, ng'ambo ya daraja, nao haukufika hata mwendo wa dakika tano. Aliuvuka kama mwizi, akaliegesha gari uani kwake, akakaa ndani yake hadi injini ikapoa.

Jumamosi alikuja Milano kwa treni, amebeba mifuko miwili ya jibini walizoagiza wateja wa zamani. Sokoni, nafasi ya asiyekuja hupewa anayengoja. Mahali pake palikuwa na kijana wa soksi, na biashara ilikuwa moto, maana baridi ilikuwa imetia meno. Carmelo alimwona, akaacha kuita wateja.

"Malkia, si ungeniambia?"

"Nilikuambia."

Carmelo alimtilia machungwa mfukoni bila kumtazama usoni.

Signora Pinuccia alifika na kikapu chake, akapokea jibini yake, akageuza shingo huku na huku akitafuta gari. Nives alimweleza kwamba gari limezuiwa hadi Februari. Signora alisikitika kwa dhati, akailaumu serikali, akamlaumu na meya, kisha akauliza ni nani sasa atakayemfikishia mzigo. Nives aliinua kikapu, wakaenda kwa miguu, taratibu, Signora akining'inia mkononi mwake. Walipita duka la dawa, wakapita shule, wakafika. Kwa gari ilikuwa lazima kuzunguka mitaa ya njia moja, kisha kuzunguka tena kutafuta pa kusimama, kisha kurudi nyuma kuifuata barabara kubwa. Kwa miguu ilikuwa kweli pua na mdomo. Miezi yote hiyo halikumjia wazo la kutembea. Alikuwa amechoka mno, na gari lilikuwa pale.

Akiwa kwenye tramu ya kurudi stesheni alimpigia Mzee Gandolfi. Mzee alisema ana watu kutoka Crema wanaolitaka lile gari. Nives akamwambia awape. Kisha akapiga hesabu kichwani, jambo alilopaswa kulifanya Agosti, na alipoimaliza alimpigia Ezio. Safari hii Ezio alipokea. Nyuma yake masufuria yaligongana.

"Nimepiga hesabu," alisema Nives. "Kabichi za Pinuccia peke yake zingekuhamisha wewe, na kabati la mama juu, na zingebaki."

Ezio alisogea mbali na masufuria.

"Unataka nikuambie nini, Nives?"

"Hakuna. Ulisema kweli, nimekupigia kukuambia hivyo."

"Haya. Tutaongea siku nyingine. Leo nimechoka."

"Na mimi," alisema, na simu ikakatika.

Tramu iliendelea kuburura magurudumu yake kwenye mvua. Nives aliegemeza kichwa kwenye kioo. Hakuna aliyemwibia. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja kwake na haja kubwa, tena mwenye haki ya kuomba, na huyo alimfukuza ili gogo lisiguswe. Wengine walipita na kibanzi kimoja kimoja, wakamshukuru, wakamwita mwanangu na malkia, naye aliwashikia gogo wasipate taabu kulibandua. Krismasi ilikuwa inakuja hata hivyo, gari limelala uani, na nyumba ya ndugu yake haina tena mlango anaoujua. Usimwogope mwenye shoka peke yake. Bandu bandu huisha gogo.