Sinema Haina Pazia

Mbacha ni mkeka uliochakaa, ule ambao mwenyewe anajua umetoboka wapi na akilala ajikunje vipi. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Sasa mchuuzi anapita na msala begani, rangi zinawaka, na wewe unautupa mbacha wako jaani kabla hujajua kama mchuuzi atasimama. Muntasir bin Himid, mwalimu wa jiografia mjini Ibra, aliijua methali hii tangu utotoni. Kumbe kuijua si kuifuata.

Mwaka 1999 Muntasir aliongoza kikundi cha opereta, mchezo wa jukwaani ambao watu huimba badala ya kusema. Opereta yao ilisimulia majirani wawili waliogombea zamu ya maji ya falaji, ule mfereji unaonywesha mitende, hata mama mzee akawapatanisha kwa wimbo. Maneno aliyatunga yeye. Lakini mwanamke kusimama akaimba mbele ya wanaume halikuwa jambo la kuzungumzika. Basi Khalaf, kijana mwembamba kama ufito, alijifunika shela akakaa akiwapa watazamaji mgongo, na nyuma ya pazia akaimba Bi Kaltham, shangazi yake Muntasir.

Bi Kaltham alizaliwa Tabora, akafiwa na mumewe huko, na mtoto hakujaliwa. Alimlea Muntasir kama wake wa kumzaa. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo, lakini alipoufikia ubeti wa maji, wanaume wazima walipangusa macho kwa ncha za vilemba. Ibra nzima ilijua ni nani anayeimba, na Ibra nzima ilijifanya haijui.

Baada ya onyesho moja akatokea Khattab, mtengenezaji wa filamu kutoka Maskati, miwani ya jua juu ya kichwa ingawa alikuwa ndani ya ukumbi.

"Ustadhi, hii ni filamu!" alisema. "Wallahi, nipe mimi. Jina lako litasomwa kwenye skrini, kubwa hivi!"

Kichwa kikamvimba mwalimu wetu. Hata masharti hakuyaona mazito: mama atafutiwe mwigizaji mwenye sura na sauti ya ujana, na opereta isichezwe tena jukwaani mpaka filamu itoke. Wiki hiyohiyo uliingia mwaliko wa tamasha la Nizwa, ambao kikundi kilikuwa kikiuota kwa miaka. Muntasir alipiga simu kusema hawatakwenda, kisha akaenda kwa shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa ule, nimepika mkate wa kumimina."

Hakukaa. "Shangazi, tumepata filamu. Ila sinema haina pazia. Mama lazima aonekane, na wanataka mtu mwenye... sura ya skrini."

"Na sauti je?"

"Na sauti atakuja nayo huyohuyo."

Bi Kaltham aliukata mkate taratibu, akamfungia kipande cha kwenda nacho. "Haya, baba. Mungu akufanikishe. Na Nizwa?"

"Nizwa khalas, tumewaambia hatuendi."

"Wewe umewaambia," alisema kwa upole.

Muntasir alitoka roho yake nyeupe. Aliuchukua ule upole kuwa ni ridhaa, kosa la wengi waliolelewa na wanawake wavumilivu.

Filamu ikaanza kupigwa katika mashamba ya mitende ya Al Qabil. Jukwaani falaji ilikuwa kitambaa cha buluu kilichotikiswa na watu wawili, na hakuna mtazamaji aliyewahi kulalamika kwamba hakulowa. Kamera haikukubali kitambaa, ilitaka maji. Na mvua zilikuwa zimeadimika mwaka ule. Falaji ikapungua, ikawa tope, kisha ikakauka kabisa, na majirani wawili wa kwenye filamu wakawa wanagombea vumbi.

"Tusubiri mvua," alisema Khattab.

Mvua haikuja, ikaja Ramadhani, na Khattab akaitwa Maskati kutengeneza tamthilia ya televisheni. Kila Muntasir alipompigia simu alijibiwa, "Inshallah, ustadhi, inshallah," mpaka simu nayo ikawa haipokelewi. Hapo Muntasir alijua ameachwa kwenye mataa. Akawarudia watu wa Nizwa akiwa mdogo kama piritoni. Nao, kwa hisani yao, wakampa nafasi ya mwaka unaofuata, lakini kwa sauti ileile ya mama. Bila ile, wasisumbuke.

Alikwenda mbio kwa shangazi yake, akakuta mlango umefungwa. Jirani akamweleza kwamba katika soko la Jumatano la Ibra, ambamo mwanamume hatii mguu, Bi Kaltham alikutana na Bi Fakhriya, kiongozi wa kikundi cha wanawake cha Sur. Alikuwa amehamia huko.

Huko Sur, Muntasir aliambiwa wanakikundi wamo ukumbini, na kwamba onyesho ni la wanawake watupu. Akasimama nje kando ya malapa yao. Aliisikia ile sauti ikipenya ukutani, ikifuatwa na vigelegele, na machozi yakamlengalenga. Kwa mara ya kwanza aliona haya kwa alichokifanya.

Bi Kaltham akatoka, uso unang'aa kwa jasho, hina mikononi.

"Nisamehe, shangazi. Nizwa wanatungoja. Rudi tuimbe."

"Nilikusamehe siku ile. Lakini hawa nimewapa ahadi yangu."

"Hata kwa mara moja? Pazia nitanunua jipya, zuri kuliko lile."

Bi Kaltham alicheka, akamshika shavu. "Miaka yote ile, mwanangu, uliwahi kuniuliza kama nalipenda pazia? Huku wananiona."

Ndani wakaita, "Bi Kaltham! Yallah!" Shangazi akambusu Muntasir kipaji cha uso, akarudi kwa wenzake, na mlango ukafungwa.

Wazee walisema kweli, ijapokuwa hawakutuambia kwamba mbacha nao huweza kujiondokea wenyewe: usiache mbachao kwa msala upitao.