Kijiji Kilichohifadhi Msitu

Wapendwa, najua mna haraka. Baada ya ibada kuna uzinduzi, hema limeshasimama, na harufu ya pilau imeingia humu ndani kabla ya zaburi ya kwanza. Kamati yetu ya mazingira imeandika kitabu, na leo tunakitoa. Nimekisoma chote, hata utangulizi, ambao kwa kawaida husomwa na aliyeuandika na mke wake. Ni kitabu kizuri. Ndiyo maana nina wasiwasi.

Naomba niwape mfano mmoja, kisha niwaache mwende mkale.

Kulikuwa na kijiji kimoja mlimani. Sikitaji jina, kwa sababu nikikitaja mtasema, "Ahaa, wale," na mtalala vizuri usiku. Juu ya kijiji palikuwa na msitu mdogo, na chini ya msitu chemchemi, na kwenye chemchemi kata iliyofungwa kwa kamba ili watu wasiondoke nayo. Zahanati ilitegemea maji hayo, na shule, na kila sufuria.

Kijiji hicho kilikuwa na sifa moja kubwa: watu wake walijua kuhifadhi. Watoto wa madrasa walihifadhi juzuu, watoto wa Sunday school walihifadhi zaburi, na kila mwaka Waislamu na Wakristo waliketi pamoja kusikiliza watoto wakishindana. Mtoto akikosea neno moja, bibi yake hakutoka nje wiki nzima.

Siku moja akaja afisa misitu kwa pikipiki. Alikuwa na vijiji vitano vya kupitia kabla ya mvua, kwa hiyo hakuzima injini. Akashusha maboksi mawili ya vijitabu vinavyoeleza msitu ni nini, maji yanatoka wapi, na binadamu afanye nini ili asijimalize mwenyewe. Kurasa arobaini. Akasema, "Ndugu zangu, kila kitu kimo humu. Nendeni mkahifadhi. Nitarudi baada ya miaka mitatu nione mlivyohifadhi." Akaondoka.

Mnacheka. Mmeshaelewa wao walielewa nini.

Walihifadhi. Jioni ile ile mwalimu aligawa kurasa. Mwaka wa kwanza watoto saba waliweza kijitabu nusu. Mwaka wa pili akatokea binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, mtoto pekee wa mama asiyejua kusoma, akakisema chote kuanzia jalada hadi jalada, pamoja na anwani ya mpiga chapa. Watu walilia kwa furaha. Sifa ikafika wilayani. Na sifa, wapendwa, haikai juani. Sifa inataka ukumbi.

Ukumbi unataka matofali. Matofali ya kuchoma yanataka tanuru, na tanuru linataka kuni. Kila kaya ikaagizwa mizigo kumi. Kuni zitoke wapi? Mlimani kulikuwa na msitu mmoja tu. Mama wa yule binti alipeleka mizigo kumi na mitano, kwa sababu yeye ndiye mama wa bingwa, na mama wa bingwa hawezi kuwa sawa na wengine. Naomba mlikumbuke hilo. Sitaki mtu amfanye mama huyu malaika.

Lakini ni yeye aliyeiona kata kwanza. Alimkuta mwenyekiti wa kijiji amesimama kwenye tanuru, mikono nyuma, kama mtu anayejichomea mkate.

"Mwenyekiti, kata haijai."

"Kata gani?"

"Ya pale chemchemi. Zamani ukiizamisha ilijaa kabla hujaitikia salamu. Leo nimeinama mpaka kiuno kikalia."

"Kiuno ni umri huo, mama."

"Kiuno changu kina umri, sikatai. Na chemchemi nayo imezeeka?"

Wachoma matofali wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Akamwita binti, ambaye alikuwa amekuja na mzigo wake mdogo kichwani. "Hebu mtulize mama yako. Ukurasa wa saba unasemaje?"

Binti akatua kuni, akaunganisha mikono nyuma, akasema: "Ukurasa wa saba. Miti iliyo juu ya chemchemi ni kofia kichwani mwa mzee. Mkiivua, jua litakunywa maji kabla yenu."

"Umesikia?" akasema mwenyekiti. "Neno kwa neno. Wilaya nzima hakuna kijiji kinachojua jambo hili kuliko sisi. Sasa wewe una hofu ya nini?"

Nyuma yake mtu mmoja akasukuma gogo ndani ya tanuru.

Walipokuwa wanateremka, binti akauliza, "Mama, hiyo kofia ndiyo ipi?"

Mama akageuka, akatazama mlima, kisha akatazama njia. "Ni mfano tu, mwanangu," akasema. "Angalia usijikwae."

Ni mfano tu. Ni mara ngapi mmetoka kwenye mlango ule pale mkisema maneno hayo hayo?

Mwaka wa tatu ukumbi ukakamilika, mabati mekundu, sakafu ya saruji. Chemchemi ilikuwa imekauka miezi miwili nyuma. Watu wakahamia kwenye lambo, wanakonywa ng'ombe. Ukurasa wa ishirini na sita ulieleza vizuri sana kwamba maji ya lambo yachemshwe. Yachemshwe kwa kuni zipi? Kuni zilikuwa ukutani, zimegeuka matofali.

Afisa misitu akarudi. Safari hii alikuja kwa gari, kwa kuwa amepanda cheo, na aliitwa mgeni rasmi. Wakamketisha meza kuu, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, na mbele ya kila mkubwa chupa ya maji. Maboksi mawili ya maji yalikuwa yamenunuliwa mjini kwa ajili ya siku hiyo.

Binti akapanda jukwaani. Tangu asubuhi tumbo lilikuwa likimsokota, na alikuwa ametoka nje mara nne. Mwalimu alimpa kikombe cha maji ya lambo ili asafishe koo. Akasema kurasa zote arobaini. Kwenye ukurasa wa ishirini na sita alishika nguzo, watu wakadhani ni madoido, wakapiga makofi. Hakukosea neno.

Mgeni rasmi akafurahi kweli. Akainuka, akasema, "Sasa nionyesheni msitu wenyewe."

"Msitu upi, mheshimiwa?" akauliza mwenyekiti.

"Huu mliouhifadhi."

Mwenyekiti akatabasamu, akamshika binti begani. "Si ndio huu mheshimiwa ameusikia? Tumeuhifadhi wote. Hakuna hata nukta iliyopotea."

Afisa akaenda dirishani. Akauona mlima. Alikuwa mtu msomi, naye alielewa mara moja nini kimetokea, na ni neno gani alilolisema injini ikiwaka. Mnadhani alifanya nini? Aliangalia saa. Akanywa maji. Kwenye taarifa yake aliandika kwamba uhamasishaji umefanikiwa kwa kiwango kikubwa. Uongo uko wapi hapo? Mimi sijauona. Ukikijua Kiswahili vizuri unaweza kuteketeza nchi bila kusema uongo hata mmoja.

Binti alilala siku tatu. Zahanati ilikuwa na muuguzi, ilikuwa na kitanda, ilikuwa na bomba. Bomba lilikuwa limekauka. Chupa za dripu zilizokuwapo zilikwisha siku ya kwanza, maana hakuwa mgonjwa peke yake, na gari la wagonjwa lilikuwa bovu. Alikuwa akiomba maji, na kila alipopewa maji ya lambo yaliyopashwa moto kwa majani makavu, yalitoka kama yalivyoingia. Usiku wa pili alianza kusema kurasa zake, moja baada ya nyingine, mama ameketi sakafuni anasikiliza. Hakuvuka ukurasa wa saba. Kila alipofika kwenye kofia ya mzee alirudi mwanzo, kama anayetafuta kitu alichokiangusha hapo.

Siku ya tatu, alfajiri, akanyamaza.

Wanawake wakaja kumwogesha. Mkubwa wao akasema taratibu, "Mama, tunahitaji maji." Wawili wakapanda chemchemini, labda kwa mazoea. Wakarudi na kata. Ndani ya kata kulikuwa na tope, na chura mdogo aliyekufa.

"Basi tuchote lambo," mmoja akasema.

"Hapana." Ndilo neno la kwanza mama alilolisema siku hiyo. "Hayo ndiyo yaliyomuua. Simwogeshi mwanangu kwa hayo."

Halafu mtu mmoja akakumbuka: nyumbani kwa mwenyekiti kuna maji yaliyobaki ya meza kuu. Mwenyekiti akayaleta mwenyewe, boksi kichwani, machozi yanatiririka, maana nimeshasema hakuwa mtu mbaya. Chupa kumi na tatu. Wakazifungua moja moja. Mnaijua ile sauti ya kifuniko kipya kinapokatika? Mama aliisikia mara kumi na tatu.

Ndipo akauliza, bila kupaza sauti, "Mwanangu ameomba maji siku tatu. Haya yalikuwa wapi?"

Mwenyekiti akafungua mdomo, na likatoka neno alilolizoea.

"Tuliyahifadhi, mama."

Mfano wangu umeishia hapo. Sina sehemu ya pili ambapo mvua inarudi na mti unachipua. Wapo watakaopenda niiongeze mlangoni, wakinisalimia. Msiniombe.

Sasa tuje kwetu, maana huko mlimani hakuna mtu aliyenialika kuhubiri. Sisi hatukukosa maarifa. Tuna watu wenye shahada kwenye benchi hizi, na mimi ninayo yangu, imewekwa kwenye fremu. Mtoto wa darasa la tatu hapa anajua mvua inatoka wapi. Kwaya ina wimbo wa kutunza dunia, sauti nne, na besi wanaupenda sana. Tunajua. Tumejua mpaka kujua kumekuwa kazi yenyewe, na tukishajua tunatoka jasho, tunaketi kupumzika. Mungu alipomweka mtu wa kwanza bustanini hakumpa mtihani wa kumwuliza bustani ni nini. Alimpa jembe.

Na yule mama je? Kila mtu hapa anamhurumia mama. Mizigo kumi na mitano. Nani kati yetu aliyeona kata haijai, akachekwa kidogo, akarudi nyumbani akimwambia mtoto asijikwae?

Mmekaa vizuri? Basi nimalizie.

Hema la uzinduzi mmeliona, ni kubwa, limeenea vizuri upande wa kisima. Hadi Jumatano mahali pale palikuwa na mkuyu. Walioletwa hapa kubatizwa wakiwa wachanga wanaujua, mama zao waliwabadilishia nepi chini yake. Ijumaa nimepita nikakuta kisiki, bado kinatoa maji. Nikapima kwa hatua kutoka kisikini hadi kisimani: kumi na tisa. Nikamwuliza mjumbe mmoja wa kamati, ambaye simtaji, na ambaye sasa hivi anatazama viatu vyake. Akanijibu kwa upole, "Mchungaji, hema lisingeingia. Lakini usiwe na wasiwasi, mkuyu ule umo kitabuni, tena na picha ya rangi."

Nikafungua. Kweli umo. Umepigwa picha asubuhi, unapendeza.

Nisingekuwa na haki ya kuwaambia haya kama ningeishia kwa mjumbe wa kamati. Alhamisi mchana nilikuwa ofisini kwangu, hatua thelathini kutoka pale. Nilisikia msumeno wa mashine unaanza. Nikajua ni mti gani, hakuna mwingine upande ule. Nikainuka mezani. Nikaenda dirishani, nikalifunga, kwa sababu kelele zilikuwa zinanipotezea mawazo.

Nilikuwa naandika mahubiri haya. Nilikuwa nimefika pale binti anapoomba maji.