Mbwa Aliyejifunza Kungoja

Enyi! Ngano inabisha hodi!

Karibu, ipite!

Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Nasema inabisha hodi!

Karibu, ipite!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu, palikuwa na mfinyanzi jina lake Nyamizi. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mbwa tu, akiitwa Watasema. Walipendana hao! Nyamizi akikanda udongo, Watasema yuko miguuni. Nyamizi akienda msalani, Watasema anamngoja mlangoni. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Taabu ilikuwa siku ya kuchimba udongo. Udongo mzuri ulikuwa bondeni, mbali, na wafinyanzi walikuwa na mwiko: mbwa akikanyaga machimbo, vyungu vyote hupasuka motoni. Basi Nyamizi alimfungia ndani. Lakini kabla ya kuondoka atamkumbatia, atalia, tena atamwimbia:

*Watasema wangu, naenda,*
*Watasema wangu, usilie,*
*Nikichelewa, nani atakutunza?*

Mbwa akisikia hivyo, moyo paa! Nyamizi akishatokomea, Watasema anabweka, anaparua mlango, anarukia vyungu vibichi vilivyopangwa vikauke. Kacha! Kacha! Hakibaki kitu.

Majirani wakachoka. Wakaja na Jumbe wao. Jumbe akasema, "Nyamizi, watoto wetu hawalali kwa makelele. Na vyungu vya mavuno ulivyotuahidi viko wapi? Mbwa huyu akivunja tena, tunamtupa porini."

Porini kuna Fisi, nani asiyejua?

Nyamizi akatoka kutafuta shauri. Wa kwanza kukutana naye alikuwa Fisi mwenyewe.

"Dada Nyamizi, machozi ya nini?"

Akamweleza. Fisi akameza mate. "Mfunge kamba uani, dada. Kamba nene. Dawa ndiyo hiyo."

Nyamizi akamfunga. Watasema akavuta, akavuta, mpaka shingo ikachubuka. Nyamizi aliporudi akaona damu, akaikata kamba huku akilia. Bahati yao Fisi alipitiwa na usingizi siku hiyo, mroho yule!

Wa pili alikuwa Tumbili. "Kamba ya nini? Mtoroke! Akisinzia tu, nyata utoke."

Nyamizi akanyata. Kumbe amesahau jembe! Akarudi mbio, akamkuta Watasema anatetemeka, mguu mmoja tayari juu ya chungu. Tangu siku hiyo mbwa hakuthubutu hata kufumba jicho.

Wa tatu alikuwa kuku wake mwenyewe, aliyekuwa akiatamia pale pale jikoni.

"Mama, umezunguka dunia nzima na mimi niko hapa! Hunioni nikiyaacha mayai yangu? Nasimama, nadonoa, narudi. Siimbi. Lakini wewe unaaga kama unakwenda kuzikwa! Huyo mbwa afanyeje? Mpe mfupa, toka kidogo, rudi. Na ukirudi usipige vigelegele."

Nyamizi akaona haya, lakini akafuata. Akatoka mpaka kwenye kinu, akarudi. Akatoka mpaka kisimani, akarudi. Akatoka mpaka sokoni, akarudi. Kila akitoka, wimbo unamjia kooni, anauma midomo. Kumbe aliyeumia zaidi kwa kuachana alikuwa yeye!

Watasema naye kwanza alilia. Kisha akawa analalamika kidogo tu. Mwisho akawa anainua sikio moja, anaendelea kutafuna mfupa wake.

Ikafika siku ya bondeni. Nyamizi akachoma vyungu vya kwanza alfajiri, akayakokoa majivu kando, akaviingiza ndani. Akatoa mfupa, akachukua jembe, akaenda zake.

Fisi huyo! Akaja mpaka mlangoni, akalainisha sauti, akauiga wimbo wa Nyamizi aliokuwa akiusikia zamani, ili mbwa apagawe, aparue mlango mpaka atoke:

*Watasema wangu, naenda...*

Kimya. Akaimba mara ya pili. Kimya. Akaimba mara ya tatu, mpaka sauti ikamkauka.

Mle ndani Watasema akawaza, "Mama siku hizi haagi kwa nyimbo. Huondoka, akarudi." Akageuza mfupa upande wa pili.

Fisi akachoka. Akasema, "Atatoka tu, nitamngoja." Akatafuta mahali pa kukaa. Akaona lundo la majivu, laini, lina joto zuri. Akakaa kitako, puu! Juu majivu, chini makaa!

"Yalaa! Yalaaa!"

Majirani wakatoka na michi, wakamtimua mpaka ng'ambo ya mto. Ndiyo maana mpaka leo Fisi ana matako yaliyoshuka, na anatembea kama anayeogopa kukaa.

Nyamizi alirudi na udongo kichwani, akaona watu wamejaa mlangoni pake. Akajua wamekuja kumchukua mbwa.

Jumbe akafungua mlango. "Tazama mwenyewe, mama." Vyungu vyote vizima! Na Watasema amelala katikati yake, anatafuna.

"Huyu haendi porini," Jumbe akasema. "Huyu ametulindia vyungu vya mavuno. Mpigieni vigelegele!"

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku akatoka kwenye mayai kwa hasira.

Nyamizi akautua udongo wake kwanza, polepole. Kisha akasema, "Watasema, nimerudi." Mbwa akapiga mkia, akaja kumlamba mikono yenye matope.

Basi jueni, wenzangu: umpendaye usimfunge, wala usimtoroke. Mzoeshe kidogo kidogo kwamba ukienda, unarudi. Haba na haba hujaza kibaba.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye nguvu na aibebe.